Darubini ya Bunduki ya Bei Nafuu: Jinsi ya Kuichagua, Kuifunga na Kuzifanyia Mazoezi Tareti Zake

Darubini ya bei ndogo ni nadra kumharibia mwindaji siku kwa sababu ya picha yenye ukungu kidogo pembeni. Kinachomharibia siku ni kwamba jana ilipiga hapa na leo inapiga pale. Nimetumia darubini za bei nafuu miaka mingi, na kila iliyoniudhi iliniudhi kwa jambo hilohilo. Ndiyo maana mwongozo huu wote unazunguka swali moja: ukizungusha tareti (kitufe kilicho juu au pembeni mwa darubini, kinachosogeza mahali pa kulenga kwa hatua ndogo ziitwazo kliki) kliki 30 kwenda na kliki 30 kurudi, msalaba (mistari ya kulengea ndani ya darubini) utarudi pale ulipotoka? Ikiwa jibu ni ndiyo, mapungufu mengine yote yanavumilika.

Kwanza, usalama. Kazi yoyote ya mezani, iwe kufunga, kupima au kufanya mazoezi makavu, yaani yasiyo na risasi, ifanyike bolti ikiwa wazi au imetolewa (ifungwe tu pale unapofyatua kwa mkavu), chemba, yaani tundu risasi inapokaa, imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, na risasi ziko chumba kingine. Bunduki iwe na kibali cha nchi uliyomo, na risasi zipigwe kwenye uwanja au eneo lenye kizuizi cha udongo nyuma ya shabaha. Na usitumie kamwe darubini ya bunduki kuchungulia kitu usichokijua, maana popote unapotazama, mtutu nao unatazama hapo. Kwa kuchungulia, beba darubini ya mkononi.

Anza na umbali, usianze na dukani

Jiulize mawindo yako mengi unayapiga umbali gani. Sema kweli, kwa sababu wawindaji hupenda kuongeza mita kama wavuvi wanavyoongeza kilo.

Bunduki nyingi za kuwindia wanyama wa wastani zikiwekwa sifuri, yaani darubini ikilinganishwa na mahali risasi zinapopiga, ili zipige sentimita 5 hadi 7 juu kwa mita 100, risasi haitoki nje ya sentimita 7 au 8 juu au chini ya mstari wa kulenga mpaka karibu mita 220 au 250. Ndani ya umbali huo unalenga katikati ya kifua na kufyatua, huna haja ya kugusa tareti. Mwenye hali hiyo atafute darubini yenye tareti zilizofunikwa kwa vifuniko, ukuzaji wa 2-7 au 3-9, kisha fedha iliyobaki anunue risasi za mazoezi.

Wanaohitaji tareti za kuzungushwa mara kwa mara ni watatu. Wa kwanza anapiga mbali zaidi ya mita 250, na ana uhakika wa mkono wake. Wa pili ana bunduki ya risasi ndogo za .22 LR, ambayo ikiwekwa sifuri mita 50 hushuka kiasi cha sentimita 15 hadi 20 ifikapo mita 100. Wa tatu ana bunduki ya upepo, ambayo risasi zake huanguka upesi zaidi. Hao wawili wa mwisho wana bahati: risasi zao ni rahisi, na mwendo wake wa kuanguka unafundisha kazi ya tareti kwa mita 100 tu kama risasi kubwa zinavyofundisha kwa mita 400.

Kusoma namba za kwenye boksi

3-9×40 maana yake ni kwamba picha inakuzwa mara 3 hadi 9, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Watu huvutwa na namba ya ukuzaji. Lakini kwa mara 3 unaona eneo la mita kama 11 kwa upana ukiwa mita 100 kutoka kwa mnyama, na kwa mara 9 unaona mita 4 hivi. Mnyama akitembea kichakani, ukuzaji mkubwa ndio unaokupotezea muda ukimtafuta.

Kuna hesabu ndogo ya mwanga inayofaa kukaa kichwani: gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya 40 kwa mara 6 inakupa mwali wa mwanga wenye upana wa karibu milimita 6.7, kwa mara 9 ni 4.4. Mboni ya kijana gizani hupanuka hadi karibu milimita 7, ya mtu mzima hupungua, mara nyingi hadi 5 au chini yake. Kwa hiyo jioni giza likianza kuingia, dawa ya kwanza ni kupunguza ukuzaji. Darubini ya 6-24×50 ikiwekwa kwenye mara 20 inakupa mwali wa milimita 2.5, yaani picha ya giza wakati uleule wanyama wanatoka kula.

Kioo chenyewe kiwe kimepakwa tabaka nyingi za kuzuia mng'ao kwenye nyuso zote za lenzi. Boksi hulitaja hilo kwa herufi FMC. Mwili uwe umejazwa naitrojeni au agoni ili usipate ukungu ndani. Mrija wa milimita 30 hauleti mwanga zaidi ya ule wa inchi moja, yaani milimita 25.4, ingawa muuzaji ataapa. Faida yake ya kawaida ni nafasi kubwa zaidi ya kurekebisha juu na chini, na nafasi hiyo ina maana kwa mpiga mbali peke yake.

Umbali wa jicho, yaani kati ya jicho na lenzi ya nyuma, usipungue sentimita 9 kwa bunduki yenye teke. Anayepuuza hili atapata alama ya mwezi mwandamo juu ya nyusi.

Taa ya msalaba, kivuli cha lenzi, vifuniko vya kufyatuka, kitambaa cha zawadi: visikushawishi. Kwa bei ileile, darubini yenye mapambo machache kwa kawaida imewekewa fedha zaidi pale ndani usipopaona.

Dakika au miliradiani

Tareti hupimwa kwa lugha mbili. Dakika ya pembe, MOA, ni karibu sentimita 2.9 kwa mita 100; kliki ya robo dakika basi ni milimita 7 na kidogo. Miliradiani, MRAD au MIL, ni sentimita 10 kwa mita 100. Kliki ya sehemu moja ya kumi ni sentimita 1 kamili. Usahihi wao haupishani kwa kiasi cha kumjali mwindaji. Anayefikiri kwa mita na sentimita ataona miliradiani ni nyepesi zaidi, kwani hesabu inafanyika kichwani.

Mfano: risasi yako inashuka sentimita 45 kwa mita 300. Huko mita 300, kliki moja ya miliradiani ni sentimita 3, hivyo unahitaji kliki 15. Kwa robo dakika, kliki ni sentimita 2.18, hivyo kliki 21. Zote zinafika, ila moja inahitaji kikokotoo.

Cha kukagua kweli ni kama msalaba na tareti vinasema lugha moja. Darubini za bei nafuu, hasa miundo ya zamani, mara nyingi huwa na alama za miliradiani kwenye kioo na kliki za robo dakika kwenye tareti. Ukiona risasi imepiga alama moja na nusu chini, unalazimika kutafsiri kabla ya kuzungusha. Achana nayo, hata kama imeshushwa bei nusu.

Jambo la pili ni mahali msalaba ulipo ndani ya mrija. Darubini nyingi za bei ndogo zina msalaba ulio nyuma, usiobadilika ukubwa unapokuza picha. Hakuna ubaya, mradi ujue kwamba alama zake za kukadiria zinasema kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Alama iliyo sahihi kwa miliradiani 2 kwenye mara 9 inakuwa 3 kwenye mara 6, na 6 kwenye mara 3. Wengi wamepiga hewa juu ya mgongo wa mnyama kwa kosa hili, wakilaumu upepo. Tareti hazina shida hiyo: kliki ni kliki kwa ukuzaji wowote, na hiyo ni sababu nzuri ya kujifunza kuzizungusha.

Ukiwa dukani

Zungusha tareti ya juu kliki 20 polepole. Kila kliki isikike na ihisiwe, na mstari wa alama ukae katikati ya kila namba. Ikiteleza kama skrubu iliyopoteza meno, rudisha. Angalia kama pete yenye namba inaweza kulegezwa na kurudishwa kwenye 0 baada ya kuweka sifuri. Bila hivyo namba hazina maana. Kizuizi cha sifuri, kinachokamata tareti isishuke chini ya 0, ni kitu kizuri, na siku hizi kinapatikana hata kwa bei za chini.

Kisha paralaksi. Egemeza darubini mahali isipotikisika, lenga kitu cha mbali, na usogeze kichwa kidogo kushoto na kulia bila kuigusa. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, hiyo ndiyo paralaksi. Darubini za kuwindia zisizo na kirekebishi hutengenezwa bila kosa hilo kwa mita 100 hivi, na kwa umbali mwingine kosa ni dogo. Kwa bunduki ya upepo inayopiga mita 15 hadi 40 si dogo tena, tafuta yenye kirekebishi. Na kama bunduki hiyo ya upepo ni ya springi, uliza mara mbili iwapo darubini imejengwa kwa ajili yake. Springi hupiga teke mbele na nyuma, na mtikisiko huo wa pande mbili huvunja matumbo ya darubini zilizozoea teke la upande mmoja, hata zile zinazovumilia bunduki kubwa.

Kufunga: pete, timazi na subira

Tenga sehemu ya bajeti kwa pete zinazoshika darubini na reli inayozishikilia juu ya bunduki. Darubini nzuri kwenye pete mbovu ni darubini mbovu. Nimewahi kuhangaika siku nzima uwanjani na kundi la matundu ya risasi lililotawanyika kama mchele uliomwagika, nikaapa darubini imekufa, kumbe skrubu moja ya reli chini ya pete ya mbele haijawahi kukazwa.

Hakikisha pete zinaoana na reli, ambazo kwa kawaida ni za aina ya Weaver au Picatinny. Pete za Weaver kwa kawaida hukaa kwenye reli ya Picatinny, lakini za Picatinny huenda zisiingie kwenye reli ya Weaver kwa sababu mifereji yake ni myembamba. Bunduki nyingi za .22 na za upepo zina mkato wa milimita 11, wenye pete zake.

Safisha mafuta kwenye nyuso zote kwa spiriti. Kaza reli kwanza. Laza darubini ndani ya pete bila kukaza, weka ukuzaji wa juu kabisa, funga macho, shika bunduki kama unavyoishika mawindoni, kisha fumbua. Ukiona kivuli cheusi pembeni ya picha, isogeze mbele au nyuma mpaka duara lijae. Fanya hivyo ukiwa umevaa koti la kuwindia, siyo fulana.

Sasa unyoofu. Tundika timazi umbali wa mita kadhaa, uzi mweupe kwenye ukuta mweusi au kinyume chake. Funga bunduki kwenye jiliwa lililowekewa nguo, sawazisha kwa pimamaji, kisha geuza darubini mpaka mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi. Digrii 3 za upogo zinaonekana ni upuuzi, lakini ukizungusha tareti kupanda sentimita 45, upogo huo unakusogeza pembeni sentimita 2 na zaidi kidogo. Ukipanda mita 3 kwa mapigo ya mbali, umekwenda pembeni sentimita 15 na huelewi kwa nini.

Kaza skrubu za pete kwa kupokezana, kidogo kidogo kwa mpangilio wa kukatana. Mahali pengi kiwango ni kati ya newtoni-mita 1.7 na 2, ila fuata karatasi ya mtengenezaji wa pete. Bisibisi ya kupimia nguvu ni ununuzi wa maana kuliko taa ya msalaba. Usipake mafuta wala gundi kwenye skrubu za pete isipokuwa karatasi imesema.

Mwisho wa yote rekebisha lenzi ya jicho: tazama ukuta mweupe au anga mbali na jua, sekunde moja au mbili tu kwa kila mtazamo, ukizungusha hadi msalaba uwe mkali mara tu unapotazama. Ukikodoa muda mrefu, jicho lenyewe litajirekebisha na kukudanganya.

Kuweka sifuri

Toa bolti, weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu mpaka shabaha ya mita 25 iwe katikati ya tundu, kisha zungusha tareti hadi msalaba nao uwe hapo bila kuitikisa bunduki. Hii inakuokoa risasi tano au kumi za kutafuta karatasi.

Rudisha bolti, piga moja mita 25. Huko kliki ni ndogo mara nne: milimita 2.5 kwa miliradiani, 1.8 kwa robo dakika. Risasi ikipiga sentimita 6 chini unahitaji kliki 24, au 33. Wageni hushangaa mbona wanazungusha na risasi haisogei. Sababu ni hiyo. Lenga kuiacha sentimita 1 au 2 chini ya kitovu, kisha nenda mita 100.

Mita 100, piga tatu bila kugusa kitu, ziache zikueleze. Chukua katikati ya kundi, siyo tundu ulilolipenda. Tuseme katikati iko sentimita 8 chini na 5 kushoto: kliki 8 juu na 5 kulia kwa miliradiani, au 11 na 7 kwa robo dakika. Mshale wa tareti unaonyesha risasi itakakokwenda. Subiri mtutu upoe uweze kuushika bila kushtuka, piga tatu nyingine. Mwenye tareti zilizofunikwa aliache kundi sentimita 5 hadi 7 juu, kama tulivyosema mwanzoni. Ukiridhika, legeza pete ya namba na uiweke 0.

Jaribio linaloamua kama darubini inabaki

Hapa ndipo darubini ya bei nafuu inapopata heshima au inarudishwa dukani ingali na risiti. Na habari njema ni kwamba sehemu kubwa haihitaji risasi hata moja.

Chukua ubao mrefu wa mita moja na nusu, chora mstari wa wima kwa kufuata timazi, weka alama kila sentimita 10. Simamisha ubao mita 100 kamili, umbali uliopimwa kwa futi kamba na siyo kwa hatua, kutoka kwenye lenzi. Funga bunduki isiyo na risasi, au darubini peke yake, kwenye jiliwa au kitu kizito. Elekeza msalaba kwenye alama ya juu. Sasa zungusha tareti kuelekea juu. Utaona msalaba unashuka ubaoni, na hilo ni sahihi: msalaba ukishuka, mpigaji anainua mtutu kuufidia, na risasi inapanda.

Miliradiani 5, yaani kliki 50, ziupeleke sentimita 50 chini. Kama umefika 48, andika: darubini hii husogea kidogo kuliko inavyosema, na kila hesabu yako uizidishe kwa 1.04. Kasoro ya namna hii, mradi haibadiliki, mtu huizoea na kuishi nayo kama saa inayochelewa dakika mbili. Tazama pia kama msalaba unafuata mstari au unakwepa pembeni. Halafu rudi 0. Msalaba urudi juu ya alama ya kwanza kabisa. Rudia mara kumi. Kama mara ya tatu uko juu kidogo, ya saba uko chini kidogo, basi darubini hiyo haina tabia, na hakuna namba ya kuizidisha itakayoiponya.

Baadhi ya darubini hukosa kidogo tu unapobadili mwelekeo, kwa sababu ya ulegevu kati ya skrubu ya tareti na springi inayousukuma mrija wa ndani. Dawa ya wazee ni kupita kliki tano zaidi kisha kurudi, ili kila mara ufike kwenye namba ukitokea upande mmoja. Inafanya kazi, lakini mnyama hakusubiri.

Ikifaulu hapo, ipitishe kwenye teke. Piga risasi tatu ukiwa kwenye sifuri. Panda kliki 20, piga mbili ukilenga palepale. Kulia kliki 20, mbili. Shuka 20, mbili. Kushoto 20, piga tatu za mwisho. Umechora kisanduku cha sentimita 20 kwa 20, au 14 na nusu kama kliki zako ni za robo dakika. Kundi la mwisho lilale juu ya la kwanza. Pembe za kisanduku zikiwa na hitilafu ndogo, lawama inaweza kuwa ya bega lako. Kundi la mwisho likihama upana wa kiganja, rudisha darubini.

Mazoezi ya vidole

Kujua hesabu ni tofauti na kuzungusha ipasavyo huku moyo unadunda. Nyumbani, bunduki tupu, mimi hutumia karata. Ondoa picha, baki na zile za 1 hadi 9. Mwenye miliradiani avute karata mbili: ya kwanza ni namba nzima, ya pili ni sehemu ya kumi. Tatu na saba ni 3.7, kliki 37. Mwenye dakika avute moja: namba ni dakika, na rangi ni robo. Kopa ni sifuri, uru robo, pao nusu, shupaza robo tatu. Sita ya shupaza ni 6.75, kliki 27.

Zungusha ukitazama namba, soma kwa sauti, rudi 0, soma kwa sauti. Baada ya wiki fanya ukiwa umefumba macho kwa kuhesabu kliki, kisha fumbua ukague. Kosa utakaloliona zaidi ni kupotea mzunguko mzima: tareti inaonyesha 0, kumbe uko mzunguko mmoja juu. Kama hakuna kizuizi cha sifuri, tia mstari mwembamba wa rangi kwenye shina la tareti unaoonekana pale tu ulipopanda. Mimi niliupaka rangi ya kucha.

Kipimo changu ni hiki: kutoka kuvuta karata hadi kufyatua triga kwa mkavu ukiwa umelala, sekunde 10, mara kumi mfululizo bila namba mbaya. Hakikisha tu kuwa bunduki yako inaruhusu kufyatuliwa tupu; nyingi za .22 zinataka ganda bandia lisilo na baruti ndani ya chemba, na ya upepo ya springi haifyatuliwi tupu kabisa.

Uwanjani, weka shabaha tatu kwa umbali tofauti, na kadi ya mshuko, yaani ya kliki za kila umbali, iliyobandikwa kwenye kitako kwa selotepu, yenye namba ulizozipata kwa kupiga na siyo zile za kwenye boksi la risasi. Piga ya mbali, ya karibu, ya kati, risasi moja kila moja, ukizungusha kila mara. Upepo uachie msalaba: lenga pembeni kwa alama, kwa sababu upepo hubadilika kabla hujamaliza kuzungusha tareti ya pembeni, na tareti hiyo ndiyo inayosahauliwa zaidi ikiwa si 0. Wengine huifunika na kuisahau kwa makusudi.

Ukifika kwenye eneo la kuwindia baada ya safari ya gari, piga moja mita 100 kabla ya kuingia porini. Kisha rudisha vifuniko, soma tareti zote mbili kwa sauti, na usianze kutembea mpaka zote zisome 0.